Akala za Kariokor: nimezivaa kutoka Busia hadi Namugongo

Navaa namba tisa. Mwanamke wa namba tisa hapa Nairobi amezoea muuzaji kumtazama miguu, kutazama rafu, kisha kumwelekeza upande wa viatu vya wanaume bila hata kumwonea haya. Mitumba ndiyo iliyoniokoa. Toi, Gikomba, Muthurwa, kote nimechakura, na raba zote nilizo nazo nyumbani zilikuwa za mwanamume fulani huko Ulaya kabla hazijawa zangu. Tena mguu wenyewe si mrefu tu, ni mpana kwa mbele. Napika katika shule ya upili huku Eastlands, na miaka ya kusimama sakafuni nikisonga ugali wa mamia ya wanafunzi imeutanua zaidi. Kwa hiyo mtu akinisifia kiatu, mimi humuuliza kwanza: mguu wako uko vipi?

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba akala, hivi viatu vya tairi la gari, ninazozisifu hapa, na kuzilalamikia, zilikatwa kwa kipimo changu. Sikuziokota kwenye rundo.

Parokiani walipoanza kujiandikisha kwa hija ya miguu ya Namugongo, mahali patakatifu pa mashahidi wa imani wa Uganda, kundi letu la WhatsApp liligeuka duka la viatu. Huyu anatuma picha ya buti za kupandia mlima, yule raba za elfu tisa zenye hewa kisiginoni. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, ambaye barabara ile anaijua kwa nyayo zake, akaandika: "Mimi naenda na akala zangu." Vijana wakamjazia emoji za kucheka. Mimi nikampigia simu nikamuuliza anakatiwa wapi.

Alinielekeza Kariokor. Wengi wetu tunalijua soko hilo kwa nyama choma, vyondo na mishipi ya ngozi. Ukishapita majiko na moshi umekukolea nguoni, utawasikia mafundi wa akala kabla hujawaona, nyundo zinagonga moja kwa moja. Soko lina jina la wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, watu waliobebeshwa mizigo ya jeshi kwa miguu maelfu kwa maelfu, wengi wao bila kiatu. Si mahali pabaya pa kutafutia kitu cha kutembelea.

Fundi niliyeelekezwa ni mzee mpole, hana kibao wala jina juu ya mlango. Kwa kweli hana mlango. Ana kigoda, gogo la kukatia, kisu kirefu kilichonolewa hadi kikawa chembamba, kopo la maji, na nyuma yake matairi yamepandana hadi juu ya kichwa. Nilipita kwake asubuhi kabla ya zamu. Akaitazama miguu yangu, akasema, "Mama, rudi jioni."

Nikajua ndizo zile njoo-kesho za mafundi. Nikamwambia, "Mzee, mimi nimeshafika, nipime tu."

"La, mama. Mguu wa asubuhi ni mdogo. Ukitembea kutwa unafura. Nikikupima sasa, ukifika Jinja utanilaani."

Nikarudi jioni nikitoka jikoni, miguu imefura kweli. Akanisimamisha juu ya kipande cha boksi, mguu mmoja mmoja, uzito wote chini, akauzungushia bolpeni. Wa kushoto ukatoka umeuzidi wa kulia. Umri huu wote nimekuwa nikinunua jozi zenye pande mbili sawa na kulaumu soksi.

Halafu tukaja kwenye tairi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa zako zinapofanya kazi. Matairi mengi ya siku hizi yana nyaya za chuma ndani ya mpira. Sole ikilika, nyaya hizo huchomoza, na hakuna fundi wa kuzirudisha ndani. Mzee huyu hutafuta yale ya nyuzi za nailoni. Alikata ukingo wa tairi moja, akaukunja mbele ya macho yangu ili nione nyuzi nyeupe zilizochanika, laini, hakuna waya. Tairi la lori hakunipa ingawa mimi ndilo nililolitaka kwa unene wake. Alisema hilo halikunjiki mguu unapopinda, litanichosha mashavu ya miguu kabla ya kilomita kumi, na linamfaa mtu anayesimama mahali pamoja. Akachagua la pikapu. Alikuwa akichovya kisu kwenye kopo la maji kila baada ya mpasuo, maana mpira mkavu hung'ang'ania chuma, na sole yote ilitoka bila kona za meno kama zile unazoziona kwenye akala za kutundikwa.

Mikanda aliikata kutoka ubavu wa tairi: miwili ya kupishana juu ya mguu, mmoja wa kuzunguka kisigino wenye kifungo cha chuma. Hiyo ya kisigino lazima uiombe. Akala za kawaida hazina, na bila hiyo vidole vinafanya kazi ya kukamata kiatu siku nzima. Ncha za mikanda hupitishwa kwenye matundu ya sole na kupigwa misumari midogo, kisha ncha za misumari hukunjwa zilale ndani ya mpira. Mzee wa jumuiya alikuwa amenifundisha kukagua: usitumie kidole, tumia soksi nyembamba. Ipitishe ndani kote, taratibu. Ikinasa mahali, kuna msumari. Yangu ilinasa mara moja, upande wa kulia, na fundi aliushindilia bila kununa.

Bei sasa. Akala zilizotundikwa pale ziliuzwa shilingi 400. Zangu, kwa kupimwa, mkanda wa kisigino na ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa juu ya sole, 850. Nikapunguziwa hadi 800 kwa sharti kwamba nikifika nimtajie maumivu yake ya mgongo kwa shahidi Karoli Lwanga. Nilimtaja.

Kuzizoea ni kazi, asikudanganye mtu. Nilikuwa nazivaa kwenda na kurudi kazini kando ya Jogoo Road, na majuma ya kwanza nilikuwa nikifika nyumbani nyayo nyeusi tititi, ngozi ya juu ya mguu imechubuka pale mikanda inapopishana. Zinanuka pia. Mume wangu aliziwekea makazi nje ya mlango na hakutaka mjadala. Dawa ilikuwa soksi nyembamba za pamba na Vaseline nyingi mahali pa mkanda. Ndiyo, soksi ndani ya akala. Kama unajali watu wa stejini watasema nini, hizi si zako.

Wako mahujaji wanaotoka Nairobi kwa miguu, na wengine Nyeri na Machakos. Sisi tulipanda basi la usiku hadi Busia, tukavuka kwa vitambulisho vyetu tu, na kuanzia hapo ni miguu. Ni karibu kilomita 190: Bugiri, Iganga, mashamba ya miwa ya Kakira, Jinja, msitu wa Mabira, Lugazi, Mukono, halafu Namugongo. Barabara ni ile ile ya malori yanayotoka Mombasa, kwa hiyo unatembea ukingoni, kwenye changarawe na vumbi, na kila lori likipita unashika kofia.

Kwenye changarawe hiyo ndipo akala ziliponifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kijiwe kinaingia, unatikisa mguu, kinatoka, hujavunja hatua wala rozari. Wenye raba walikuwa wakikaa chini, wanafungua kamba, wanakung'uta, wanafunga, na kila wakiinuka kundi limeshawaacha. Kufikia Iganga malengelenge yalikuwa yamewaka kwenye vidole na visigino vya watu wa raba, na katekista wetu alikuwa akizunguka jioni na sindano na uzi akiyatoboa kwa zamu, akiimba kwa sauti ya chini ili wagonjwa wasisikie wenyewe wakilia. Mimi nilipata lengelenge chini ya makutano ya mikanda. Kucha zangu zote nilirudi nazo. Jirani yangu wa jumuiya, mwenye raba zilizombana mbele, alirudi na kucha za kidole gumba nyeusi, na moja baadaye iling'oka.

Jua la mchana ni hadithi nyingine. Lami inapokuwa moto, mpira nao unashika moto, na bila ile ngozi ya juu ningekuwa nimeruka mitaroni. Hapo ngozi nilibariki shilingi zake. Lakini Mabira ilitunyeshea, mvua ya msitu isiyobisha hodi, na ngozi ile ile ikalowa ikawa utelezi mtupu. Mguu ulikuwa ukiteleza mbele kwenye kila mteremko, mkanda wa kisigino ukinivuta nyuma, na mimi katikati nikitembea kwa hatua za bibi harusi. Mzee wetu, ambaye zake hazina ngozi, alinipita akiwa mkavu wa roho. Ilichukua siku mbili ngozi kukauka, na ilipokauka ilikuwa imekakamaa pembeni. Hapa namkata fundi alama: aliniuzia ngozi akinisifia jua, hakugusia mvua, na Uganda mwishoni mwa Mei mvua si mgeni.

Msumari mmoja wa mkanda wa kushoto nao ulilegea kabla ya Jinja, mkanda ukachomoka na mguu ukabaki unaburuta. Wenzangu walinifunga kwa blada iliyotoka kwenye mzigo wa mtu wa baiskeli, nikatembea nayo hadi senta iliyofuata. Pale alikuwepo fundi viatu chini ya mwembe, kijana, Kiswahili chake cha kuokoteza na Kiganda changu hakuna. Hatukuhitaji maneno mengi. Alizigeuza akala, akacheka kwa heshima, akapiga misumari mitatu badala ya mmoja, akachukua sarafu chache na kusema, "Weebale, nnyabo," yaani asante, mama. Haikuzidi muda wa kunywa soda. Yule kijana wetu wa raba za elfu tisa, sole yake ilipoachia gundi karibu na Lugazi, hakupata fundi wa kumsaidia. Hewa ya kisiginoni haishonwi. Aliingia Namugongo na kandambili za bluu. Huyu ndiye aliyetuma emoji nyingi kuliko wote, lakini mimi si mtu wa kukumbusha.

Pale Jinja tulivuka Nile, lile daraja jipya la nyaya lililofunguliwa 2018 likiwa limesimama juu ya maji yale mengi, na sehemu ya Namawojjolo tulikula kuku wa mkaa kwenye kijiti na gonja, yaani ndizi, ya kuchoma. Kama ningekuwa naandika kuhusu chakula, hapo peke yake pangechukua ukurasa. Wauzaji wanakukimbilia wakiwa na vijiti mikononi kana kwamba wewe ni basi. Nunua, ila kwanza shika kuku, awe moto.

Kufika kwenyewe ni kugumu kuliko kutembea. Kuanzia Kireka barabara inakuwa watu watupu: Wakenya, Watanzania, Wanyarwanda, Wakongo, wenyeji wa Uganda waliotembea kutoka pande za mbali kuliko sisi, wenye mabango ya majimbo yao na wenye watoto mgongoni. Hapo hutembei, unasukumwa. Mtu anakukanyaga, nawe unamkanyaga mwingine. Hii ndiyo sehemu pekee ya safari ambapo nilitamani kiatu cha kufunika vidole, na nitamwambia kila mwenye akala hivyo hivyo: beba raba kuukuu kwenye mfuko kwa ajili ya siku ya mwisho. Kidole changu kidogo cha kulia kilikanyagwa na buti la mtu wa ukubwa wa mlango, akaniomba radhi kwa Kifaransa.

Usiku wa tarehe 2 Juni tulilala nje, tumejifunika leso na shuka, mahujaji wamejipanga bega kwa bega. Asubuhi watu walikuwa wakitafuta viatu kila upande. Jirani yetu kutoka kundi jingine alibaki na kimoja. Zangu nilizikuta pale pale nilipoziacha, mita moja kutoka kichwani. Nadhani kuna mtu alizijaribu akaona bora aende peku.

Misa ya tarehe 3 Juni inaadhimishwa kando ya ziwa, na umati umetanda kwenye miteremko yote inayolizunguka. Basilika liko juu kidogo, limejengwa kwa umbo la nyumba ya msonge, na nguzo zake 22 za shaba ni za wale mashahidi 22 Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964. Waanglikana nao wana wao 23, na mahali pao pa kuhiji hapako mbali. Altare ya basilika iko mahali alipochomwa Karoli Lwanga tarehe 3 Juni 1886. Husimuliwa kwamba moto ulianzia miguuni. Nilikuwa nimeinama nikipaka Vaseline katekista alipotueleza hilo tena, na kwa muda sikulalamikia kidole changu. Kisha tulipoanza kutafuta choo kwenye umati ule nililalamika kama kawaida.

Watu huteka maji ya pale kwenye chupa na vidumu kupeleka nyumbani. Mimi niliteka chupa moja ya fundi, kwa ajili ya ule mgongo.

Tulirudi kwa basi. Miguu ilifura njiani hadi jirani yangu akashindwa kurudisha raba zake, akashuka Nairobi na soksi. Nilichofanya mimi ni kulegeza kifungo cha kisigino tundu moja, nikafunga, nikashuka nikatafuta matatu. Kilichonibakia ni magaga kwenye visigino, yaliyopasuka hadi kuuma, kwa sababu kisigino kilicho wazi kinakauka kwa vumbi na jua. Nilikuwa nayasugua kwa jiwe na kuyafunga kwa mafuta na soksi kila usiku, na yalichukua muda. Juu ya miguu nina michirizi miwili iliyopishana, myeusi kwa mweupe, na wanafunzi jikoni wananiita Msalaba wakidhani sisikii.

Nilimpelekea fundi maji yake, na akala azitazame. Hakunitoza. Alipiga misumari upya kwenye mikanda yote, akanionyesha kwamba meno ya tairi yamelika upande wa nje wa visigino tu, kumbe natembea nikiegemea nje. Katikati ya sole meno bado yapo, unayahisi kwa kidole. Nikamwambia kuhusu ngozi na mvua. Alisikiliza, akakuna kichwa, akasema anaweza kuikwangua juu kwa msumeno ishike mguu, au aitoe kabisa na kukata mistari kwenye mpira wenyewe. Nilimwambia aitoe. Siku nyingine nikitembea juani nitavaa soksi nene zaidi.

Kwa nani, basi? Kwa mwenye mguu mpana, mguu mkubwa, au pande mbili zisizolingana, hakuna duka la mjini litakalokupa kiatu cha kipimo kwa shilingi 800. Kwa anayepitia barabara za changarawe zenye fundi kila senta, vilevile. Mwenye kisukari, au mwenye ganzi ya miguu, aachane nazo kabisa: vijiwe vinaingia, lami inachoma, na yeye hatahisi. Mwenye kuharakisha pia azisahau, kwani akala za wiki moja zitakuchuna mpaka ujute. Zipe miezi miwili barabarani kabla ya hija. Na usizivae jikoni. Mimi nilijaribu kuzihamishia kazini kwa mapenzi, lakini sakafu yenye maji na mafuta na mpira wa tairi uliolika ni safari ya kwenda hospitali.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki Mabira pamoja na ile ngozi.

Ukienda Kariokor kutafuta fundi wa namna hii, nenda jioni, miguu ikiwa imechoka, na soksi nyembamba mfukoni. Mwambie unakwenda wapi na mwezi gani, ataje mwenyewe tairi, kisha mwombe akukatie ukingo uone nyuzi. Akikataa kukata, songa kwa jirani yake. Mkienda kundi anapunguza, tumeshamuuliza, na watu wa parokia yetu wanaojiandaa kwa mwaka ujao wameanza kupanga foleni, pamoja na kijana wa kandambili za bluu. Ila kwa namba kubwa kama yangu mpe nafasi ya siku kadhaa, maana tairi la nailoni lenye upana wa kutosha halipatikani kila siku, na akiliona hulificha chini ya kigoda kwa mteja aliyelipa nusu.